Richard Bright: Daktari wa kijiko na mshumaa aliyegundua kwa nini miili hufura

Hebu jiweke hapa. Ni saa kumi na mbili asubuhi, uko Kaptembwa, baridi ya Nakuru inauma, na unajitazama kwenye kioo kabla ya kukimbilia matatu ya kwenda mjini. Macho yamefura kana kwamba ulilia usiku kucha. Jioni, viatu ulivyovaa bila shida asubuhi vinabana. Ukivua soksi unaona alama ya mpira imezama kwenye ngozi. Mabeste wanakutania kwamba siku hizi unakula vizuri, umeanza kunona. Shosho naye anataka kujua kama kuna mtu uliyekosana naye.

Kuna mtu aliyetumia karibu maisha yake yote ya kazi akijaribu kujibu swali hilo: huu uvimbe unatoka wapi? Hakuwa Mkenya, na alifariki mwaka wa 1858, kabla hata reli haijafika hapa na kabla mji wa Nakuru haujakuwepo. Lakini kile kipimo cha mkojo utakachofanyiwa ukienda hospitali leo kinatokana na kazi yake. Jina lake ni Richard Bright.

Mtoto wa tajiri asiyetulia

Bright alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 28 Septemba 1789. Babake alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki. Tusifiche jambo: familia hiyo ilikuwa na mashamba ya miwa Jamaika, na sehemu ya mali yao ilitokana na jasho la Waafrika waliofanywa watumwa huko. Kwa hivyo unaposoma kwamba kijana Bright alikuwa na pesa za kusoma na kusafiri atakavyo, ujue pesa hizo zilitoka wapi.

Mwaka wa 1808 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Kama wengi wenu mnaobadilisha kozi muhula wa pili, yeye naye hakuanza na udaktari. Alianza na falsafa, uchumi na hisabati, halafu ndipo akahamia utabibu. Mwaka wa 1810, akiwa na miaka 20, aliacha masomo kwa muda akaenda Iceland na kikundi cha wachunguzi. Huko alikusanya mimea, akatazama wanyama na kuandika yote aliyoyaona. Tabia hiyo ya kuangalia kitu mpaka mwisho kisha kukiandika ndiyo iliyokuja kumpa jina.

Aliporudi alienda London kujifunza katika Hospitali ya Guy's, karibu na daraja la London. Mwaka wa 1813 alipata shahada yake ya udaktari Edinburgh, na mwaka uliofuata akawa njiani tena: Uholanzi, Ujerumani, Austria, mpaka Hungary. Kuhusu Hungary aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka wa 1818, na michoro kadhaa humo aliichora kwa mkono wake. Akiwa safarini kurudi nyumbani mwaka wa 1815 alipita Brussels siku chache baada ya vita vya Waterloo, akaona hospitali zilizojaa majeruhi.

Huenda unafikiri huyu alikuwa mtalii tu mwenye digrii. Lakini London ilimpa mtihani mapema. Akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa homa za kuambukiza, aliambukizwa yeye mwenyewe na nusura afe. Alipopona hakuikimbia kazi. Mwaka wa 1820 aliajiriwa Guy's kama daktari msaidizi, na mwaka wa 1824 akawa daktari kamili.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na msiba. Mwaka wa 1822 alimwoa Martha Babington, binti ya daktari mwenzake. Mwaka mmoja baadaye Martha alifariki baada ya kujifungua, akamwachia mtoto mchanga. Bright alirudi wadini. Mwaka wa 1826 alioa tena, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichobadilisha elimu ya figo.

Wagonjwa waliozama kwenye maji yao wenyewe

Guy's ilikuwa hospitali ya watu wa kawaida. Waliokuja hapo walikuwa vibarua, mabaharia, wafua nguo, watu wa mtaa. Wengi walifika wamefura uso, miguu na tumbo, wengine wakishindwa kupumua wakilala. Kwa madaktari wa wakati huo kufura huko kulikuwa ugonjwa wenyewe. Mtu amejaa maji, basi anaumwa na maji. Wakaandika hivyo kwenye daftari wakaendelea na mgonjwa mwingine.

Bright hakuridhika. Alikuwa na mpango rahisi lakini wenye jasho: mfuate mgonjwa akiwa hai, andika kila dalili, na akifariki, ufungue mwili uone ni kiungo gani kilichoharibika. Kisha linganisha. Alifanya hivyo mgonjwa baada ya mgonjwa, saa nyingi kila siku kati ya wadi na chumba cha maiti.

Sasa tufike kwenye kijiko. Bright alichukua mkojo kidogo wa mgonjwa aliyefura, akautia kwenye kijiko cha chuma, akaushika juu ya moto wa mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya hupata joto tu. Lakini mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake uliganda, ukawa mweupe. Ushaona yai likivunjwa kwenye kikaango, ile sehemu ya maji ikigeuka nyeupe? Ni jambo lilelile. Ndani ya mkojo huo mlikuwa na protini iitwayo albumini, ya jamii moja na ile iliyo kwenye ute wa yai, na albumini haifai kutoka mwilini kwa njia hiyo.

Si kwamba Bright alikuwa wa kwanza kuona mkojo ukiganda. Madaktari wengine wawili watatu walikuwa wameshaona kabla yake. Alichofanya yeye ni kuunganisha nukta tatu ambazo hakuna aliyekuwa ameziunganisha: mwili uliofura, mkojo wenye protini, na figo zilizokutwa zimeharibika baada ya kifo. Vitu vitatu, ugonjwa mmoja. Katika kitabu chake cha 1827 alieleza wagonjwa zaidi ya 20 wa aina hiyo, na akaweka picha za rangi za figo zao. Rafiki yake, mkemia John Bostock, alipima damu ya wagonjwa hao akaona upande wa pili wa hesabu: protini imepungua kwenye damu, na taka iliyopaswa kutoka na mkojo imebaki humo.

Mwaka wa 1836 alirudi na orodha ya wagonjwa 100. Alikuwa amegundua pia kwamba moyo wa wengi wao ulikuwa umekua mkubwa kupita kiasi, ingawa wakati huo hakukuwa na kifaa cha kupima presha. Leo tunajua kwamba figo na presha ni ndugu wabaya: kila mmoja humharibu mwenzake.

Tazama ziwa lako uelewe

Kama bado haijaingia, tumia mfano wa nyumbani. Ziwa Nakuru hupokea maji kutoka mito kama Njoro, Makalia na Nderit, lakini halina mto hata mmoja wa kutoa maji. Maji yakiingia mengi kuliko yanayokauka kwa jua, ziwa hupanda. Umeona mwenyewe katika miaka ya karibuni: maji yalipanda hadi yakameza lango kuu la zamani la mbuga, likabidi lihamishwe.

Mwili wako una njia ya kutoa maji, nayo ni figo zako mbili. Kila figo ina vichujio vidogo sana karibu milioni moja. Vikiharibika, mambo mawili hutokea. Kwanza, albumini huvuja kwenye mkojo. Albumini ndiyo inayosaidia kushika maji ndani ya mishipa ya damu. Ikipungua, maji hutoroka na kutuama kwenye nyama: miguuni ukisimama, usoni ukilala. Pili, figo zilizoumia hushindwa kutoa chumvi, na chumvi ikibaki maji nayo hubaki.

Ndiyo maana ukibonyeza mguu uliofura kwa kidole gumba kisha ukakitoa, unabaki na shimo dogo linalojaa polepole. Na ndiyo maana mkojo wenye albumini nyingi hutoa povu lisiloisha haraka chooni, mfano wa povu la sabuni.

Lakini usijipime kwa hofu. Si kila kufura ni figo. Moyo unaweza kuleta, ini linaweza, ujauzito unaweza, na hata kukaa kwenye basi kutoka Malaba hadi Nairobi kunaweza kuacha miguu imejaa kidogo. Ndiyo sababu Bright hakukisia, alipima. Wewe pia usikisie, wala usichemshe mkojo kwenye sufuria ya watu. Siku hizi kuna kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo kinachotoa jibu kwa dakika chache, na kipo hata katika vituo vingi vidogo vya afya. Ongeza kipimo cha presha na kipimo cha damu kiitwacho kriatinini, na daktari atakuwa na picha ya kutosha ya kuanzia.

Aliyejua ugonjwa bila kuwa na dawa

Hapa ndipo maisha ya Bright yanauma. Alijua kinachowaua wagonjwa wake, lakini hakuwa na cha kuwapa. Aliwatoa damu, kama walivyofanya madaktari wote wa enzi zake. Aliwapa dawa za kuharisha na za kutoa jasho ili maji yapungue. Wachache walipata nafuu. Wengi aliwasindikiza tu.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka wa 1842 aliishawishi Guy's itenge wadi mbili, ya wanaume na ya wanawake, zenye vitanda 42, kwa wagonjwa wa figo peke yao, pamoja na maabara pembeni. Kwa karibu miezi sita madaktari na wakemia walifanya kazi wakiwa chini ya paa moja, wakilenga ugonjwa mmoja. Leo jambo hilo ni la kawaida, lakini wakati huo lilikuwa geni kabisa.

Bright aliondoka Guy's miaka michache baadaye. Tayari alikuwa daktari maarufu London, tena miongoni mwa madaktari wa Malkia Victoria. Alifariki tarehe 16 Desemba 1858, akiwa na miaka 69, kwa ugonjwa wa moyo. Kwa zaidi ya miaka 100 maradhi ya figo yenye kufura yaliitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Bright. Rais Chester Arthur wa Marekani, aliyefariki mwaka wa 1886, ni mmoja wa waliougua.

Mambo aliyoyakosa Bright yalikuja moja moja katika karne iliyofuata. Mashine ya kusafisha damu ilianza kutumika Uholanzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Figo ya kwanza kupandikizwa na kufaulu ilikuwa Boston mwaka wa 1954, kati ya mapacha wa kufanana. Miaka ya 1960 zikaja tembe kali za kukojoza. Hapa Kenya unaikumbuka hadithi ya Richard Leakey, ambaye mamake Mary ndiye aliyechimba Hyrax Hill pale pembeni mwa Nakuru mwaka wa 1937. Figo za Leakey zilipokufa, nduguye Philip alimpa yake mwaka wa 1979 huko London. Aliishi miaka mingine zaidi ya 40, hadi Januari 2022.

Zebaki ileile, kopo jipya

Kabla hujasema haya ni mambo ya wazee, sikia hili. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa 60 watu wazima waliofura kwa sababu ya figo zinazovujisha protini. Walipowauliza wanachopaka, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki ilipita kwenye ngozi, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye vichujio vya figo. Wengi walikuwa wanawake vijana. Habari njema ni kwamba baadhi yao walipoacha krimu, figo zilipata nafuu.

Kejeli ni kwamba enzi za Bright zebaki ilihesabiwa kuwa dawa, na madaktari waliwanywesha wagonjwa wao. Leo krimu zenye zebaki ni marufuku Kenya, lakini bado zinauzwa kichinichini na mitandaoni, nyingine bila hata kuandikwa zina nini. Ukiona kopo linaahidi kukung'arisha kwa wiki moja, jua unaweza kulipia urembo wa uso kwa figo mbili.

Adui mwingine yuko kwenye duka la dawa la mtaani. Zile tembe za maumivu unazomeza kila ukiumwa mgongo au baada ya mechi, kama ibuprofen na diclofenac, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Moja mbili kwa mtu mwenye afya si neno. Kila siku kwa miezi, au kwa mtu ambaye figo zake tayari zina shida, hiyo ni hatari. Na ukiona miguu imefura, usinunue tembe za kukojoza kwa kusikia jirani zilimsaidia. Zinaweza kukukausha na kukuvurugia chumvi za mwili.

Ukishaambiwa ni figo

Sema kipimo kimetoka, na daktari anasema figo zinavuja. Hapo ndipo una bahati ambayo wagonjwa wa Bright hawakuwa nayo. Kazi ya kwanza ni kutafuta chanzo na kukitibu: kisukari, presha, maambukizi, au kinga ya mwili inayoshambulia figo. Watoto wengi wanaofura ghafla hupata nafuu kwa dawa za steroidi, ila lazima zitumiwe kwa maagizo ya daktari. Kuna pia dawa za presha zinazopunguza protini inayovuja.

Nyingine ni kazi yako jikoni. Chumvi ndiyo kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mtu aliyefura anaweza kuambiwa apunguze zaidi. Kwa bahati nzuri, ugali wetu hauna chumvi. Shida iko kwa vinavyouzunguka: smokie za barabarani, krispi, mchuzi wa paketi, na ile chumvi unayorashia juu ya nyama choma kabla hata hujaonja. Kumbuka pia magadi yanayowekwa kwenye githeri ili maharagwe yalainike. Magadi yamejaa sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi. Tumia limau, kitunguu saumu, dania na pilipili vilete ladha. Chumvi mbadala za dukani usiziguse bila kuuliza, kwa sababu nyingi zina potasiamu, na figo mbovu hushindwa kuitoa.

Jipime uzito kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, kisha uandike. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hivyo ukipanda kilo 2 kwa siku mbili tatu, hiyo si chapati, ni maji. Mpigie daktari. Inua miguu ukiketi. Kunywa maji kwa kiasi ulichopewa wewe, si kiasi ulichosoma mtandaoni, kwani anayefura anaweza kuambiwa apunguze.

Na kuna dalili zisizongoja kesho: kukosa pumzi, hasa ukilala chali, kifua kuuma, mkojo kupungua sana au kukatika, kuchanganyikiwa, au mama mjamzito aliyefura uso na kuumwa kichwa vibaya. Siku hiyohiyo fika hospitali kubwa iliyo karibu. Kwa wakazi wa Nakuru hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH.

Sasa rudi kwenye kile kioo cha asubuhi. Ikiwa macho yamefura leo, na kesho, na keshokutwa, usibishane na mabeste kuhusu kunenepa, wala usimkasirikie shosho. Nenda ukatoe mkojo kidogo kwenye kikopo. Bright alihitaji kijiko, mshumaa na miaka mingi wadini ili kupata jibu. Wewe unahitaji asubuhi moja.